Fumba Macho Uelewe

Mwalimu Tarumbeta alikuwa na sauti ya kuamsha maiti, na kazi aliyopewa ni kufundisha viziwi.

Yeye mwenyewe hakuona kichekesho chochote hapo. Aliamini somo likisemwa kwa nguvu za kutosha lazima litapenya mahali, kama si masikioni basi tumboni. Siku ya kwanza alipoingia darasa la sita na kunguruma, "Hamjambo, watoto wangu!" njiwa waliojibanza kwenye dari walitoka wote kwa mkupuo, wakapita madirishani, na wanafunzi kumi na tisa wakarukaruka kwa furaha. Salamu hawakuisikia. Njiwa waliwaona. Lakini Tarumbeta alivuta pumzi ya ushindi, akajiambia: hapa ndipo kwangu.

Jina la Tarumbeta alipewa na walimu wenzake, wale wanaosikia, ambao madarasa yao yalipakana na lake. Wanafunzi walikuwa na jina lao: kiganja kilichofunguka na kufungika mbele ya mdomo, chapuchapu, bila kituo. Alipoonyeshwa, alilipokea kama mtu anayevishwa nishani.

Sasa shida ilikuwa hii. Shule ya kwanza aliyofundisha ilimchukua kwa majaribio, ikamrudisha. Wazazi waliandika barua wakiomba apunguzwe sauti. Shule ya pili ikamrudisha pia, safari hii bila barua, kwa simu. Hii ya viziwi ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Miezi sita ya majaribio, kisha mkaguzi aje, akae nyuma ya darasa, aseme: athibitishwe kazini, au basi. Akisema basi, ualimu umekwisha. Tarumbeta angeingia dukani kwa shangazi yake, muuza vifaa vya ujenzi, akae kwenye kigoda nyuma ya mizani, apime misumari mpaka aote mvi.

Shangazi alimlea tangu ana miaka minne, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Kigoda nimeshakipaka rangi," alimwambia asubuhi moja, akimmiminia chai.

"Shangazi, usiniletee uchuro asubuhi yote hii."

"Uchuro uko wapi? Nimechagua bluu, rangi unayoipenda."

"Safari hii nathibitishwa. Wale watoto wananielewa kuliko watu wote duniani."

"Wamekwambia?"

"Hawana haja ya kuniambia. Naona nyusoni."

Shangazi akamtazama, akaongeza sukari ambayo hakuombwa. "Haya, baba. Nenda. Misumari ipo tu, haiendi popote."

Kujiamini kwa Tarumbeta kulitoka ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha mwongozo wa mwalimu, alichoondoka nacho shule ya kwanza. Ukurasa ule ulisema: mwambie mwanafunzi afumbe macho, atulie, ajenge picha akilini, huku mwalimu akimsimulia somo kwa sauti yenye hisia. Kitabu hakikusema ni mwanafunzi wa aina gani. Tarumbeta naye hakuuliza.

Lugha ya alama alikuwa ameisomea wiki sita, na alama zake hazikuwa mbaya. Polepole, lakini zilieleweka. Mdomo na mikono yake vilikwenda pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira moja, kimoja kikivuta zaidi. Basi kila Jumanne na Alhamisi, kipindi cha sayansi, kile cha mara tu baada ya chakula cha mchana, alisimama mbele ya darasa na kuonyesha kwa mikono: "Fumbeni macho. Wewe ni tone la maji." Kumi na tisa wakafumba.

Hapo sasa! Kwa dakika thelathini na tano Tarumbeta alikuwa bahari. Akawa jua linalochoma bahari. Akapanda juu ya kiti akawa mvuke, akavimbisha mashavu akawa wingu, akaruka chini akawa mvua, mikono ikipepea, jasho likimchuruzika, sauti ikitikisa vioo. Mwalimu wa darasa la jirani alijua mzunguko wa maji kwa ghibu, na alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwishoni alipita akigusa bega moja moja. Watoto wakafumbua macho, wakajinyoosha, wakamtazama kwa nyuso zilizojaa amani.

Mbele kabisa alikaa msichana aliyeitwa Nyusi, kwa sababu nyusi zake nene zilimfanyia nusu ya mazungumzo. Kila mara yeye ndiye aliyesema kwanza, kwa mikono myepesi: "Mwalimu, kipindi kizuri sana. Kipindi kijacho tena?"

"Tena na tena!" Tarumbeta alijibu, akatoka akiwa amevimba kama andazi.

Mtihani hakuwapa. Mtihani, alisema, ni wa walimu wasiojiamini.

Mwezi wa tano ofisi ya ukaguzi ilileta dodoso. Lilikuwa na maswali ishirini, na kila mwalimu ajipe alama kuanzia moja hadi tano. Unajiamini kiasi gani kwamba mwanafunzi kiziwi wa dawati la nyuma anafuata somo lako? Unajiamini kiasi gani kwamba unajua asipoelewa? Katika chumba cha walimu watu waliumauma kalamu. Mama Hesabu, mwalimu wa darasa la jirani, mwanamke aliyefundisha viziwi miaka ishirini na miwili na kuwajua mpaka watoto wa wanafunzi wake, alikaa na karatasi ile muda mrefu, akajipa mbili. Maswali karibu yote, mbili. Machache tu, tatu.

Tarumbeta alimaliza kabla chai haijapoa. Tano, tano, tano, mpaka chini. Penye swali la dawati la nyuma aliongeza alama ya kujumlisha.

"Pole, mama," alimwambia Mama Hesabu, akimchungulia begani. "Usikate tamaa. Nitakuazima kitabu changu."

"Asante, mdogo wangu," alisema Mama Hesabu. "Kwanza niazime masikio yangu. Tangu Jumanne hayajarudi."

Mwalimu mkuu, mama mwenye haraka aliyetembea huku akiandika, alizikusanya karatasi, akazipanga, akakuta mia moja kamili ya Tarumbeta juu ya arobaini na hamsini za wengine wote. Hakuwa na la kujiuliza. Akapiga simu ofisi ya ukaguzi siku hiyohiyo: tunaye bingwa, njooni mumtazame, mje na walimu wa shule nyingine wajifunze. Mkaguzi akasema atakuja Alhamisi ya wiki inayofuata, na atamaliza na suala la uthibitisho hapohapo.

Jumanne ya wiki hiyo, wakati Tarumbeta yuko juu ya kiti katikati ya kuwa wingu, mlango ulifunguliwa na benchi likaingia. Nyuma ya benchi alikuwa Fundi.

Fundi alifundisha useremala kwenye karakana ya shule. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, mtu mzima wa makamo, penseli nyuma ya sikio na vumbi la mbao kwenye kope. Mikono yake ilisema haraka mno kwa mtu wa wiki sita, kwa hiyo yeye na Tarumbeta walizoea kuandikiana kwenye vipande vya mbao. Aliliweka chini benchi alilolitengeneza. Akawatazama wanafunzi. Akamtazama Tarumbeta, mashavu yamevimba, mikono juu. Akawatazama tena wanafunzi.

Kisha akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa asichokisikia mwenyewe, kicheko kilichoishinda hata sauti ya Tarumbeta, na kilimkamata mpaka akalazimika kukaa kwenye benchi lake. Hakuna mwanafunzi aliyetikisika.

Tarumbeta akashuka kitini, amekunja uso. Fundi akafuta machozi, akatoa kipande cha mbao mfukoni, akaandika: "Unaongea na nani?"

Swali gani hili? Tarumbeta akanyakua penseli, akaandika chini yake: "Na darasa."

Fundi akaandika: "Kwa njia gani?"

Tarumbeta akaandika "Kwa" halafu penseli ikasimama. Aliitazama mikono yake. Akayatazama macho ya wanafunzi, jozi kumi na tisa, yote yamefumbwa vizuri. Dawati la nyuma, mvulana aliyeitwa Kidevu, maana ndicho kilichotangulia kuingia kila mahali, alikuwa anakoroma. Mkoromo ule Tarumbeta alikuwa akiusikia kwa miezi mitano, na siku zote aliuchukulia kuwa pumzi za mtu anayetafakari.

Aliusikia tena. Ulikuwa mkoromo.

Alimgusa Nyusi begani. Msichana akafumbua macho, akapiga mwayo, akashangaa kumwona mwalimu ana uso wa mtu aliyemeza kifutio.

"Mimi," Tarumbeta alionyesha kwa mikono, "hiki kipindi, nimewafundisha nini?"

"Kupumzika baada ya kula," Nyusi alijibu mara moja. "Ni somo la afya. Tumelishika vizuri sana."

"Na tone la maji?"

"Unatuambia tuwe tone la maji, tunatulia. Tone halina fujo." Nyusi zake zikapanda kwa wasiwasi. "Kwani nimekosa?"

Kidevu, aliyekuwa ameamka kwa kuguswa na mwenzake, akaona afadhali naye achangie. "Mimi nimeongezeka kilo mbili," alionyesha kwa fahari.

Fundi alikuwa ameacha kucheka. Aliandika kwenye upande wa pili wa mbao: "Kila nikipita dirishani nilisema, huyu ana huruma, anawaacha walale. Sikujua kwamba wewe unafanya kazi."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkata maini. Tarumbeta aliichukua ile mbao, akaitia mfukoni ikichomoza nusu, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu mkuu, naomba Alhamisi iahirishwe."

"Haiwezekani. Chai ya wageni imeshaagizwa."

"Mimi sifai."

"Hayo ndiyo maneno ya bingwa," mwalimu mkuu alisema bila kuinua kichwa, akiandika. "Mtu hodari lazima awe mnyenyekevu. Nitaliweka hilo kwenye hotuba."

Tarumbeta alifungua mdomo kusema lile lenyewe. Mtu ambaye sauti yake ilihamisha njiwa alijikuta anatoa mlio wa bawaba. "Wanafunzi wangu," alisema hatimaye, "wanatulia mno."

"Basi mkaguzi atafurahi. Anachukia fujo."

Alitoka hapo akamkuta Mama Hesabu kwenye korido, amebeba madaftari mpaka kidevuni. Alimpokea nusu.

"Mama, kwa nini ulijipa mbili?"

"Ningejipa moja," alisema Mama Hesabu. "Ila wiki ile Nyusi alinibishia habari ya sehemu, robo na theluthi, akanibana mpaka nikatoka jasho. Nikasema haya, yupo mmoja aliyeelewa kiasi cha kunibishia. Kwani wako hawabishi?"

"Hawajawahi kunibishia hata siku moja."

"Mh," alisema Mama Hesabu, na huo ukawa msiba kamili.

Jumatano nzima Tarumbeta alipanga upya. Hakuna kufumba macho. Alichukua birika la umeme la chumba cha walimu, akatafuta mfuniko mpana wa sufuria, akaweka ndoo ya maji baridi chini ya meza. Mvuke utapanda, utakutana na mfuniko baridi, utadondoka. Watoto wataona kwa macho yao, na yeye atasema kwa mikono tu. Aliufunga mdomo wake kwa majaribio mbele ya kioo, akakaa dakika nne. Shangazi alipita, akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Lakini kuna kitu hakukijua. Jioni ya Jumatano mwalimu mkuu aliwakusanya darasa la sita na kuwaambia kwa alama zilizonyooka: "Kesho wageni wanakuja kumtazama mwalimu wenu. Akifanya vizuri atabaki. Asipofanya vizuri ataondoka. Mfanye kilekile mnachofanya kila siku, na mkifanye kwa bidii."

Watoto wakatazamana. Aondoke? Mwalimu wa kupumzika? Nyusi akawageukia wenzake na kuwapa maagizo ambayo mwalimu mkuu hakuyaona.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, viti kumi vilipangwa nyuma ya darasa. Walikaa walimu wageni saba, mwalimu mkuu, Mama Hesabu kama mkalimani, na katikati yao mkaguzi, mzee mnene, mpole, mwenye tai fupi. Alikuwa amekagua shule za viziwi kwa miaka kumi na moja na alijua alama tatu: hamjambo, kaeni, asante. Fundi alisimama mlangoni, ameegemea fremu aliyoiranda mwenyewe.

Tarumbeta aliingia. Birika mkononi, mdomo umefungwa. Akaweka birika mezani, akalichomeka kwenye umeme, akainua mikono yake miwili kusema "Leo tutafungua macho".

Kabla mikono haijafika kifuani, wanafunzi kumi na tisa walifumba macho kwa pamoja, pap, kama duka linalofungwa.

Walifumba mpaka mashavu yakakunjamana. Tarumbeta aliionyesha hewa: fumbueni. Aliionyesha tena, kwa herufi kubwa. Alipiga mguu chini; sakafu ilikuwa ya saruji, haikupeleka habari popote. Akakimbilia swichi, akawasha na kuzima taa mara sita. Jua la saa nane lilijaa chumbani, taa haikuonekana hata kwa wenye macho wazi. Akamgusa Nyusi begani. Nyusi alifungua jicho moja, akaonyesha kwa kidole na dole gumba, chini ya dawati, wageni wasione: "Usijali. Tunajua." Akalifunga.

"Usiwasumbue, mwalimu," mkaguzi alisema kutoka nyuma kwa sauti ya heshima. "Naona wameshazama. Ajabu sana! Miaka kumi na moja sijaona darasa tulivu namna hii. Endelea."

"Mzee, samahani, kwanza..."

"Endelea tu, usituone sisi. Tena ngoja." Mkaguzi aliwageukia wageni. "Walimu, hebu na sisi tufumbe macho. Tuipate mbinu hii kwa undani."

Wakafumba wote, mkaguzi, wageni saba na mwalimu mkuu, ambaye kwa mara ya kwanza mwaka ule aliacha kuandika. Mama Hesabu alisitasita, akatazama huku na huku, akafumba moja.

Macho yaliyobaki wazi yalikuwa matano, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya Fundi, ambaye mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika.

Tarumbeta alikohoa. "Wewe," alisema, maana alilazimika kusema kitu, "ni tone la maji."

"Aaa," alipumua mkaguzi.

Ikatoka, ile sauti. Ilitoka yenyewe, kama gari lililoachiwa breki mlimani. Bahari ikaja, jua likaja, mvuke ukapanda, na alipofika kwenye wingu aliona mkaguzi ameinua uso juu na kutabasamu, mwalimu mgeni mmoja akiyumba polepole kama tone linalosukumwa na upepo, na kwenye paja la mkaguzi karatasi ya tathmini, imeshajazwa tayari. Tano. Tano. Tano. Aliziona kutoka pale mbele. Dakika kumi zaidi na amethibitishwa. Mtu asingejua. Wanafunzi wasingesema; waliipenda kazi yake kuliko yeye mwenyewe.

Ndipo akamtazama Nyusi. Msichana alikuwa amefumba macho kwa nguvu zake zote, pua imejikunja, ngumi zimekazwa juu ya dawati, jasho dogo juu ya mdomo. Hakuwa amepumzika hata chembe. Alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko mtu yeyote chumbani humo, na hakuwa anajifunza chochote.

Sauti ikakatika katikati ya wingu.

"Mvua je?" aliuliza mkaguzi, macho bado yamefumbwa.

"Mzee," alisema Tarumbeta, "hawa watoto ni viziwi."

"Najua. Mimi ndiye mkaguzi wao."

"Na wamefumba macho."

"Ndiyo, vizuri sana, wame..." Tabasamu la mkaguzi likakaa usoni muda kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Akafumbua jicho la kulia, kisha la kushoto. Akawatazama watoto kumi na tisa waliokaza macho. Akaitazama karatasi yake.

"Kwa hiyo tone la maji..." alisema.

"Umelisikia wewe. Na wageni, na mwalimu wa darasa la jirani. Watoto hawajalisikia tangu mwaka uanze. Wanalala, mzee. Nimewalaza miezi mitano nikijipa tano."

Mwalimu mgeni mmoja alipasuka kicheko, akajibana mdomo na skafu. Mwalimu mkuu alisema "Mungu wangu" na kutafuta kalamu.

"Nimeshaandika," mkaguzi alisema polepole, akisoma maandishi yake mwenyewe kama barua ya adui, "mbinu hii isambazwe shule zote."

Tarumbeta hakungoja hukumu. Aliivuta ile ndoo chini ya meza, akachovya vidole na kuwarushia wanafunzi maji. Dawati la kwanza, la pili, mpaka nyuma. Watoto waliruka, wakafuta nyuso, wakafumbua macho, wakamwona mwalimu wao analowesha darasa mbele ya wageni, na furaha yao ilikuwa kubwa kuliko ile ya njiwa.

"Amkeni!" alionyesha, mdomo umefungwa. "Wote! Hii ni mvua. Mnataka kujua inatoka wapi?"

"Nje," alionyesha Kidevu.

"Njoo mbele."

Birika lilikuwa limeanza kuchemka. Tarumbeta akautoa mfuniko wa sufuria kwenye maji baridi, akaufuta, akaushika juu ya mvuke, Kidevu amesimama pembeni. Mvuke ukapanda, mfuniko ukatoka jasho, tone likakua ukingoni, likaning'inia, na lilipodondoka Tarumbeta aliusogeza mfuniko likatua juu ya utosi wa Kidevu. Darasa likasimama. Kila mmoja alitaka la kwake. Wakapanga foleni ya vichwa.

Kisha likaja jambo ambalo halijawahi kutokea kwake katika shule tatu. Nyusi alinyoosha mkono, uso umekunjwa, nyusi zimegongana.

"Maji ya kuoga," alionyesha, "tukiyamwaga nje na jua likapiga, nayo yanapanda hivi?"

"Ndiyo."

"Basi mvua ni maji ya kuoga."

Darasa likataharuki. Ya kuoga ya nani? Macho yote yakamgeukia Kidevu, ambaye alijitetea kwamba yeye haogi kiasi hicho. Tarumbeta akaeleza kwamba maji yakipanda huacha uchafu chini. Na sabuni? Na sabuni. Nyusi hakukubali. Alitaka aonyeshwe. Wakatia chumvi ndani ya maji ya birika, wakachemsha upya, wakalamba matone ya mfuniko mmoja mmoja, na Mama Hesabu akakimbia huku na huku kumtafsiria mkaguzi mabishano ya watu kumi na tisa kwa wakati mmoja.

"Wanasema nini?" mkaguzi aliuliza.

"Nusu wanasema mwalimu ni mwongo. Nusu wanasema anasema kweli ila hajui kueleza. Yule wa nyuma anauliza kama anaweza kulamba tena."

Ndipo Fundi naye, pale mlangoni, akainua mkono kama mwanafunzi. Alionyesha polepole, kwa ajili ya mtu wa wiki sita: "Wingu limebeba maji mengi hivyo, zito hivyo. Kwa nini halianguki lote mara moja?"

Tarumbeta aliinua mikono kujibu. Akaishusha. Akaufikiria mvuke, akalifikiria wingu, akagundua kwamba miezi yote aliyojifanya wingu juu ya kiti hakuwahi kujiuliza.

"Sijui," alionyesha.

Watoto walibung'aa. Hawakuwa wamewahi kuiona alama hiyo ikifanywa na mwalimu wa sayansi.

Mkaguzi alimwita korido baadaye, karatasi yake imejaa mistari ya kufuta. Alikuwa na tone la maji kwenye tai.

"Siwezi kukuthibitisha," alisema. "Kukurudisha nako, mwanangu, sina uso. Mimi nimefumba macho kwa hiari yangu. Nakuongezea miezi mitatu. Jumatatu na Jumatano utakaa karakana kwa Fundi, ujifunze alama mpaka ushike kasi yake. Na mimi..." Alitazama pembeni, akavuta tai. "Mimi nitakuwa nakuja Jumatano. Usiseme ofisini."

"Miezi mitatu," alisema Tarumbeta.

"Ukiniletea tena mia moja kwenye dodoso, nakufukuza siku hiyohiyo."

Tarumbeta alirudi darasani kuchukua birika, maana chai ya wageni ilikuwa inalingoja. Taa za korido zilikuwa zinawaka na kuzima, ishara kwamba kipindi kimekwisha, lakini hakuna aliyetoka. Wanafunzi walikuwa wamejipanga kwenye mstari mrefu kutoka mezani mpaka kwenye benchi la Fundi, kila mmoja na swali lake, na kutokana na jinsi walivyokuwa wanasukumana na kuchekelea ilionekana wazi kwamba majibu hayakuwa hamu yao. Walitaka amfanyie kila mtu ile alama ya "sijui".

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Kidevu.

"Mwalimu," alionyesha kwa heshima zote, "samaki wanakunywa maji?"

Tarumbeta aliweka birika chini, akavuta kiti, safari hii akakikalia.